Mchezo wangu wa mapangoni haujakamilika baada ya miaka mitatu: niutoe ulivyo, niupunguze, au niendelee kujenga?

Mchunga Pikseli (Kasarani)

Hamjambo ndugu zangu. Kwa miaka mitatu sasa, usiku baada ya kazi na Jumapili alasiri, nimekuwa nikitengeneza mchezo wa kompyuta wa kuruka majukwaa na kugundua njia, nami nimefika mahali ambapo siwezi kuamua peke yangu hatua inayofuata. Naomba ushauri wa wale waliowahi kukamilisha mchezo, na pia wa wale ambao hawajatengeneza chochote lakini hucheza kwa makini.

Mhusika ni binti anayechunga mbuzi katika Bonde la Ufa. Mbuzi mmoja anapotea, binti anafuata nyayo zake hadi kwenye shimo lililobomoka, na anaposhuka anakuta mapango yanayoungana chini ya mlima wa volkeno. Hakuna vita, hakuna alama za ushindi, na maandishi ni machache mno. Wazo lilinijia nilipotembelea mapango ya Mlima Suswa, ambayo yalitengenezwa na lava yenyewe: uso wa mto wa lava ulipoa ukawa mgumu huku ndani ukiendelea kutiririka, na lava ilipokwisha kutoka yakabaki mahandaki matupu. Pale ambapo paa limeporomoka, mwanga huingia kama nguzo, na mtu aliye gizani huiona nguzo hiyo kutoka mbali sana. Nilitaka mchezo ambao mtu anaongozwa na mwanga na sauti tu.

Picha zote ni za pikseli. Skrini ina upana wa pikseli 320 na kimo cha pikseli 180, vigae, yaani vipande vidogo vya picha vinavyopangwa kujenga vyumba, nimevichora katika programu ya LibreSprite, na kila kitu kinaunganishwa katika Godot, programu ya kujengea michezo. Muziki ni wa binamu yangu, ambaye amekwisha kutunga vipande tisa kwa kinanda, filimbi na kayamba. Uwezo ambao naupenda kuliko mwingine wote ni mluzi: binti anapopiga mluzi gizani, mwangwi huchora kingo za mawe kwa sekunde mbili, kisha giza hurudi.

Sasa shida yangu. Nilipanga maeneo matano yenye vyumba 140: Malisho vyumba 14, Mahandaki ya Juu 30, Ziwa la Chini 30, Magofu 40 na Kilele 26. Mawili ya kwanza yamekamilika. Ziwa lina vyumba 17. Magofu, ambayo nataka yafanane na mji wa kale wa Gedi, yana picha saba za mandhari ya nyuma na hayana chumba hata kimoja cha kuchezwa. Kilele kiko kwenye daftari tu. Kila ninapomaliza chumba kipya, naona viwili vya zamani ambavyo havinifurahishi tena, nami narudi kuvichora upya, hivyo hesabu haisogei. Mwaka huu wote nimeongeza vyumba sita.

Je, niutoe hivi ulivyo na kusema wazi kwamba haujakamilika? Niupunguze? Au nikubali kwamba kazi ya namna hii huhitaji miaka mingine miwili? Nimeambatanisha toleo la majaribio la vyumba 61 kwa yeyote mwenye nafasi ya kulicheza. Binamu yangu hajanilalamikia hata siku moja, lakini najua muziki wake umekaa miaka miwili bila kusikilizwa na mtu yeyote ila mimi, na jambo hilo linanisumbua kuliko mengine yote.

Ramani ya Karatasi (Rongai)

Ndugu Mchunga Pikseli, nimeucheza mchezo wako jana usiku kwa saa moja na dakika arobaini, hadi ule ukuta wa maji ambapo vyumba vinaisha. Chumba ambacho binti anapiga mluzi kwa mara ya kwanza, na mchezaji anagundua kwamba amekuwa amesimama pembeni mwa shimo kubwa muda wote huo, ni chumba bora kuliko vyote ulivyojenga, na kwa sababu ya chumba hicho nimeamua kukuandikia kwa urefu.

Kwanza, kuhusu muda. Miaka mitatu si mingi kwa kazi ya aina hii. Daisuke Amaya wa Japani alitumia takriban miaka mitano ya muda wake wa ziada kutengeneza Cave Story peke yake, picha, muziki na programu, kisha akautoa bure mwaka 2004. Owlboy wa Norwe ulianzwa mwaka 2007 na ukatolewa 2016. Animal Well, uliotoka mwaka 2024, ulimchukua Billy Basso karibu miaka saba, na skrini yake ni hiyohiyo ya pikseli 320 kwa 180 uliyoichagua wewe. Kwa hiyo miaka isikutishe. Linalopaswa kukutisha ni vyumba sita kwa mwaka mzima, maana kwa mwendo huo vyumba 79 vilivyobaki vitakuchukua miaka kumi na mitatu.

Pili, umekuwa ukihesabu vyumba, na mchezo wa kugundua njia hauhesabiwi hivyo. Chukua karatasi kubwa, chora duara kwa kila mahali na mstari kwa kila njia, kisha juu ya kila mstari andika kitu ambacho mchezaji lazima awe nacho ili apite: mluzi, kamba, pumzi ya kupiga mbizi, au bila chochote. Nimekuchorea vyumba vyako 61 hivyo, na yafuatayo ndiyo niliyoyaona. Mluzi unafungua njia kumi na moja. Kupiga mbizi kunafungua nne tu, lakini Ziwa bado halijaisha, kwa hiyo tusikuhukumu. Kamba, ambayo mchezaji anaipata kwa shida kubwa katika Mahandaki ya Juu, inafungua njia mbili, na zote mbili ziko hatua chache kutoka mahali alipoipata. Mtu anapewa kitu, anakitumia mara mbili, halafu anakisahau. Nadhani ulikuwa umeiweka akiba kwa ajili ya Magofu.

Uwezo mpya katika michezo ya aina hii unapaswa kufanya kazi mbili kwa pamoja: ubadilishe namna ninavyotembea mahali popote nilipo, na pia unifanye nikumbuke mlango nilioupita zamani nikiwa siwezi kuufungua. Metroid, mchezo wa kugundua njia wa mwaka 1986, ilianza na jambo dogo la namna hii. Wachezaji wa wakati ule walikuwa wamezoea kwenda kulia tu, lakini kifaa cha kwanza kiliwekwa upande wa kushoto wa mahali pa kuanzia, na anayekwenda kulia bila hicho hukwama mapema na kulazimika kurudi. Kwa kurudi huko tu, mtu anakuwa amefundishwa kanuni ya mchezo mzima.

Tatu, na hili litakuuma: yaondoe Magofu. Usiyafupishe, yaondoe kabisa. Gedi ni mji wa pwani wa mawe ya matumbawe, wenye msikiti, jumba la kifalme, visima, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 Miladia. Una historia yake, rangi zake, na mizizi ya miti iliyokumbatia kuta zake. Chini ya mlima wa volkeno wa Bonde la Ufa, mji huo utaonekana kama mgeni aliyepotea njia, na wewe utatumia mwaka mzima kuwaeleza wachezaji amefikaje pale. Unastahili mchezo wake wenyewe. Hizo picha saba za mandhari hazitaoza, zihifadhi.

Ukiyaondoa Magofu, na Kilele ukakifanya kuwa mpando mmoja wa vyumba kumi, ambao unapita kando ya mashimo ambayo mchezaji aliyaona kutoka chini yakimwaga mwanga, unabaki na vyumba 13 vya Ziwa na 10 vya Kilele. Hivyo ni 23. Jumla itakuwa vyumba 84, na kamba itapata kazi yake ya kweli katika mpando huo. Sharti moja tu: usiguse tena chumba chochote kilichokamilika hadi cha 84 kiwe kinachezeka, hata kama ni kibaya machoni pako. Nami nilikuwa na ugonjwa huohuo wa kuchora upya, na mchezo wangu wa kwanza ulikufa mikononi mwangu kwa sababu yake.

Mkazi wa Umoja

Salamu kwa wote. Mimi sijui kutengeneza michezo, ila nimeujaribu huu kwenye kompyuta ya kawaida ya Nairobi, yaani kipakatalishi kilichotumika ng'ambo, nilichonunua Luthuli Avenue, chenye prosesa ya Intel ya mwaka 2012 na skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Naripoti niliyoyaona kwa sababu nadhani wachezaji wako wengi wa hapa wana mashine kama yangu.

Mchezo ulikataa kufunguka. Rafiki yangu anayejua mambo haya alinieleza kwamba Godot 4, hasa matoleo yake ya awali, kwa kawaida huitaka kadi ya michoro inayoelewa Vulkan, njia mpya ya programu kuiagiza kadi hiyo ichore, na mashine za umri wa yangu haziielewi. Aliulazimisha utumie OpenGL, njia ya zamani zaidi, ndipo ukafunguka, na ukaenda vizuri bila kukwama. Kwa mchezo wa picha za pikseli kama huu, sioni utakachopoteza ukiuweka kwenye OpenGL tangu mwanzo, nawe utawafungulia mlango watu wengi.

La pili ni kwamba pikseli zilikuwa hazilingani. Jicho moja la binti lilikuwa pana kuliko lingine, na alipotembea umbo lake lilikuwa likitetemeka. Nimepiga hesabu: 1366 ukigawanya kwa 320 unapata 4.27, na hakuna pikseli ya robo, kwa hiyo nyingine hupanuliwa mara nne na nyingine mara tano. Ukiizuia ikuze kwa namba nzima tu, mara nne, picha itakuwa 1280 kwa 720, na pembeni kutabaki ukanda mweusi wa pikseli 43 kila upande, pamoja na 24 juu na 24 chini. Ukanda huo hautamsumbua mtu yeyote. Uso wa binti uliopinda ulinisumbua sana, kwa sababu ni dhahiri kwamba uliuchora kwa uangalifu mkubwa. Nimeelezwa kwamba tangu toleo la 4.2 Godot ina mpangilio huo tayari.

La tatu ni kuruka. Katika chumba chenye madaraja yanayobomoka nilianguka zaidi ya mara ishirini, na mara nyingi nilikuwa na hakika kwamba nilibonyeza kwa wakati. Mpe mchezaji nafasi ndogo ya kuruka hata baada ya mguu kuondoka ukingoni, kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu (picha) sita kati ya sitini za sekunde moja. Vilevile, kama amebonyeza kidogo kabla ya kutua, mchezo ukumbuke na umrushe anapogusa ardhi. Michezo mizuri ya kuruka hufanya hivyo na sisi wachezaji hatutambui, tunaona tu kwamba mhusika anatusikia.

Nakuuliza pia, una nakala ya kazi yako mahali pengine? Umeme wetu unaujua.

Nyuzi Nane (Kariobangi)

Mchunga Pikseli, naomba umfikishie binamu yako salamu zangu za dhati. Mimi ni mpiga nyatiti, na kipande chake cha Mahandaki ya Juu, kile ambacho filimbi inaingia mara moja tu na kutoweka, nimekisikiliza kwa vipokea sauti nikiwa nimefumba macho. Ana sikio la mtu anayejua kusubiri.

Hata hivyo, namna muziki huo ulivyowekwa ndani ya mchezo inaudhulumu, na nitaeleza kwa nini. Kipande kile kina urefu wa sekunde 74, nami nilikaa katika eneo lile nusu saa, kwa hiyo nilikisikia mara ishirini na nne. Filimbi iliyonishtua mara ya kwanza ilikuwa mzigo ilipofika mara ya kumi. Dawa yake si kumwomba binamu atunge kipande kirefu zaidi. Dawa ni kukiacha kipige mara moja mchezaji anapoingia eneo jipya, kisha kinyamaze, zibaki sauti za pango lenyewe: tone la maji, upepo kwenye tundu la juu, mbawa za popo. Baada ya dakika tatu au nne, au mchezaji anapofika mahali penye maana, sehemu yake moja irudi. Ukimya ni sehemu ya utunzi, na pangoni ndiyo sehemu kubwa.

Kuna hitilafu nyingine ambayo huenda umeizoea kiasi kwamba huisikii. Kipande kinaporudi mwanzo, kuna pengo dogo kama kwikwi. Bila shaka umetumia faili za sauti za MP3. Umbizo hilo huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa faili wakati wa kubanwa, kwa hiyo haliwezi kujirudia bila mshono kuonekana. Mwambie binamu atoe kazi yake katika WAV, umbizo lisilobanwa, kisha wewe uigeuze kuwa OGG, umbizo jingine la kubana, na pengo litatoweka. Tena, mwangwi wa noti ya mwisho usikatwe. Uchukuliwe na kuwekwa juu ya mwanzo wa kipande, ili kinapoanza upya kiwe bado kinabeba mabaki ya kilikotoka.

Sasa nije kwenye mluzi, kwa kuwa hapo ndipo penye hazina yako. Mluzi wa binti una noti moja, na noti hiyo haimo katika ngazi ya muziki wa Mahandaki, yaani mpangilio wa noti zake. Kila ninapoupiga, unagongana na kinanda. Nilifikiri mwanzoni kwamba ni makusudi, ila katika Malisho mluzi huohuo unalingana vizuri kabisa, kwa hiyo naona ulirekodiwa kwa ajili ya Malisho na ukabebwa kila mahali. Mwombe binamu arekodi miluzi mitano, mmoja kwa kila noti ya ngazi ya eneo husika, na mchezo uchague noti kulingana na umbali wa ukuta ambao mwangwi unaufikia: ukuta wa karibu noti ya juu, wa mbali noti ya chini. Mchezaji hataambiwa lolote. Baada ya muda mfupi ataanza kulijua pango kwa sikio, na kila anapotafuta njia atakuwa anapiga muziki pamoja na binamu yako bila kujua.

Na asidhani kwamba vyombo vitatu ni vichache. Mtambo wa michezo wa Super Famicom, ambao Super Metroid ilitolewa juu yake mwaka 1994, ulikuwa na sauti nane tu zinazoweza kulia kwa wakati mmoja na kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64, na bado watu wanaukumbuka muziki wake wa mapangoni hadi leo. Nyatiti yangu ina nyuzi nane, na mpigaji huigonga ala yenyewe kwa pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu. Ukihitaji sauti ya kishindo cha mbali ndani ya Ziwa, nitakurekodia pete hiyo na kukutumia, bila malipo.

Mlango wa Nyuma (South B)

Naona wote mnakubaliana, kwa hiyo niseme jambo ambalo halijaguswa. Mwenye mada aliuliza kama autoe ulivyo. Mimi nasema hapana, na sababu yangu haihusu hitilafu, maana hitilafu hurekebishwa. Mchezo wa kupigana ukitolewa nusu, nitaurudia ukikamilika na furaha itakuwa ileile. Mchezo wa kugundua njia hauna furaha ya pili. Nikisha kujua kwamba nyuma ya maporomoko kuna handaki, siwezi kulisahau ili nilivumbue tena. Kila anayecheza vyumba vyako 61 leo ametumia mshangao wake wa vyumba hivyo, na mwaka ujao ukimletea mchezo mzima atavipita mbio akitafuta ulipoongeza. Mimi mwenyewe niliacha kucheza toleo lako baada ya vyumba vinane, kwa hiari yangu, kwa sababu nataka kuukuta mzima.

Kuhusu pesa, usiuze kitu kisichokamilika. Kuuweka mchezo Steam, duka kubwa la michezo mtandaoni, hugharimu dola 100, ambazo hurudishwa mapato ya mchezo yakifika dola 1,000, na kwa mtu mmoja asiyejulikana huo ni mlima. Itch.io, tovuti ya watengenezaji wadogo, haidai ada ya kuingia, na mtengenezaji huchagua mwenyewe asilimia anayoiachia tovuti, hata sifuri akitaka, na anaweza kumwachia mchezaji aamue atalipa kiasi gani. Anzia huko, lakini anza na kitu kizima.

Ramani ya Karatasi (Rongai)

Mlango wa Nyuma, nimeisoma hoja yako mara mbili na naona umenishinda katika jambo moja. Nilikuwa nimepanga kumshauri atoe Malisho na Mahandaki hadharani sasa hivi kama toleo la majaribio kwa umma, na sitamshauri hivyo tena. Watu wanaojaribu mchezo ili kutafuta makosa wawe wachache na wajulikane, kama sisi hapa.

Ila sikubaliani kwamba lazima umma usione chochote hadi vyumba 84 viishe. Anaweza kutengeneza pango dogo la pembeni, vyumba vitano au sita, ambalo halimo kabisa katika mchezo mkubwa: mluzi, giza, na njia ya kurudi juu. Liwe na mwanzo na mwisho. Nicklas Nygren wa Uswidi alitoa Knytt bure mwaka 2006, mchezo mdogo wa kutembea, kupanda na kutazama, ambao mtu huumaliza katika alasiri moja, na hakuna anayeuona kuwa nusu ya kitu. Pango hilo dogo litambebea binamu muziki wake masikioni mwa watu mwaka huu, na mshangao wa mchezo mkubwa utabaki haujaguswa.

Mchunga Pikseli (Kasarani)

Ndugu zangu, nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kuchora karatasi kama nilivyoelekezwa. Nilichora Jumamosi usiku kwenye mgongo wa kalenda ya mwaka jana, na nilipomaliza nilikaa kimya kwa muda mrefu. Ni kweli kuhusu kamba. Ni kweli pia kwamba vyumba vitatu vya Mahandaki haviunganishi chochote na chochote, na katika hivyo vitatu, viwili ndivyo nimevichora upya mara nyingi kuliko vyote.

Nimeyaondoa Magofu. Haikuwa rahisi, kwa maana Gedi ndipo mama alipotupeleka tukiwa wadogo, na nilitaka kuutia mji huo ndani ya kitu changu cha kwanza. Nimeziweka zile picha saba katika folda yake peke yake.

Ndugu wa Umoja, nimehamia OpenGL na nimewasha ukuzaji wa namba nzima. Kuhusu nakala, uliuliza kwa wakati wake: kila kitu kilikuwa kwenye diski moja. Sasa kazi yote iko kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la faili, na nakala ya pili iko kwa binamu. Kuruka nako nimekurekebisha kwa fremu sita ulizozitaja, na ndugu yangu mdogo, ambaye alikuwa amekataa kuugusa mchezo tangu Aprili, alivuka madaraja yanayobomoka mara ya tatu tu.

Nyuzi Nane, nilimsomea binamu maneno yako kwa simu, neno kwa neno. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama nimehifadhi sauti asili za kinanda, kwa sababu anataka kuupanga wimbo wa Ziwa upya kwa kufuata ngazi ya nyatiti, ili pete yako isije ikawa mgeni ndani yake. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, tafadhali turekodie, na tutakuandika katika orodha ya waliotunga. Miluzi mitano amekwisha kuirekodi. Niliijaribu jana katika Mahandaki, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilicheza mchezo wangu mwenyewe bila kutafuta kosa.

Limebaki swali moja. Katika mpando wa Kilele, mchezaji lazima ajue kwamba kamba inaweza kurushwa huku binti akiwa hewani, jambo ambalo hadi sasa halijahitajika popote. Sitaki kuandika maelezo kwenye skrini. Nitamfundishaje?

Ramani ya Karatasi (Rongai)

Mwonyeshe mnyama akifanya jambo linalofanana na hilo. Super Metroid ina viumbe wadogo shimoni ambao hupanda kwa kuruka kutoka ukuta hadi ukuta, na mchezaji aliyenaswa pale huwatazama hadi aelewe kwamba naye anaweza. Hawasemi neno. Wewe una mbuzi anayetafutwa mchezo mzima. Muweke ng'ambo ya shimo la kwanza la Kilele, aruke, ageuke hewani, na atue kwenye ukingo ambao kuruka kwa kawaida hakuwezi kuufikia. Pale katikati ambapo mbuzi anageuka, weka mzizi unaoning'inia. Shimo hilo liwe fupi na lisiwe na hatari chini yake, ili anayeshindwa ajaribu tena papo hapo.

Mchunga Pikseli (Kasarani)

Mbuzi. Nimekuwa nikimficha hadi mwisho kabisa wa mchezo, na kumbe anapaswa kuonekana hapo.

Nimeanza kuchora mruko wake: fremu nane, na ya tano ndiyo anayogeukia. Lile pango dogo la pembeni nalo nimeliwekea vyumba sita kwenye karatasi, na nitakapokuwa nimevijenga nitaleta faili hapa kabla ya kuiweka itch.io. Naomba mtu mwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 2 ajitokeze kuijaribu, kwa kuwa mashine dhaifu kuliko zote niliyonayo mimi ina gigabaiti 4.

Mkazi wa Umoja

Kompyuta ya dada yangu ina gigabaiti 2, na skrini yake ni ndogo kuliko yangu, pikseli 1024 kwa 600. Mara tatu ya 320 ni 960, kwa hiyo itaingia. Ilete, nitaijaribu usiku huohuo.